Mwili Uliobeba Fikra

Mfaransa Louis-Auguste Blanqui alitumikia vifungo vya jumla ya zaidi ya miaka 30 kwa ajili ya siasa zake za mapinduzi. Mchongaji Aristide Maillol alipoagizwa mnara wa kumkumbuka, mwaka 1905, hakusanifu mzee mwenye ndevu na koti refu. Alisanifu mwanamke: yu uchi, mikono imefungwa nyuma, kiuno kimejipinda, mguu unapiga hatua kwa nguvu. Akaiita kazi hiyo Tendo Lililofungwa Minyororo.

Sanamu hiyo ya bronzi iko Puget-Théniers, mji aliozaliwa Blanqui. Nyingine ya umbo lilo hilo iko Paris, katika bustani ya Tuileries. Itazame kutoka ubavuni. Paja limejaa, nyama imekaza, mabega yanapambana na kifungo, kichwa kimegeuzwa upande. Usoni hamna kilio. Ghadhabu yote imeshuka kiunoni na mapajani. Mwili huu unatamanika, na Maillol hakuona haya kuuonyesha hivyo. Ila ukikaa nao kitambo, tamaa inazaa swali: uhai wote huu, ni nani mwenye haki ya kuufunga? Hilo ndilo fumbo la sanamu, na linasomeka bila maandishi.

Maillol, mzaliwa wa Banyuls-sur-Mer, alikuwa mfumaji wa mazulia ya ukutani hadi macho yalipomsumbua, akageukia sanamu akiwa anakaribia miaka 40. Lakini bronzi haitoki kwa mchongaji peke yake. Kazi zake nyingi zilisubiwa katika kiwanda cha Rudier, kwa kalibu za mchanga. Shaba na bati vikishamiminwa na kupoa, kalibu huvunjwa, kisha huja mtu wa tindo na tupa. Huyo hufuata kila mshono uliobaki kwenye ngozi ya sanamu, taratibu, maana tupa ikizidi kidogo tu, mviringo wa nyonga umekufa. Mwisho huja moto na tindikali, ili bronzi ipate rangi yake ya kudumu. Majina ya mafundi hao hayakuandikwa popote kwenye sanamu. Kilichogongwa ni muhuri wa kiwanda tu.

Uzembe wa kutozithamini kazi hizi haukuanza leo. Oktoba 1941 serikali ya Vichy, iliyotawala Ufaransa wakati wa uvamizi wa Wajerumani, ilitunga sheria ya kung'oa sanamu za shaba na kuziyeyusha, na viwanja vingi vya Ufaransa vikabaki na misingi mitupu. Siku hizi hatuyeyushi. Tunamimina plastiki, tunapaka rangi ya bronzi, tunauza vimwana visivyo na mfupa wala maana. Uchi umebaki, fumbo limetoweka.

Msomaji, ukisimama mbele ya sanamu ya kweli, izunguke yote kabla hujatoa simu mfukoni. Walioisubu na kuipiga tupa wanastahili angalau heshima hiyo.