Ngome ya Kibosho: Namna Mangi Sina Alivyojenga Nguvu ya Vita na Namna Ilivyovunjwa mwaka 1891

Katika historia ya vita vya Uchagani kabla ya utawala wa Wajerumani kukita mizizi, Mangi Sina wa Kibosho anastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndiye aliyefika mbali kuliko wenzake wa wakati wake katika ufundi wa kujenga ngome na wa kuliendesha jeshi la mlimani. Mangi ni cheo cha mtawala wa eneo moja la Wachagga, na Sina alikishika cheo hicho tangu mnamo miaka ya 1870 hadi alipofariki mwaka 1897. Mara nyingi huelezwa kwamba ngome yake iliangushwa na bunduki za Wajerumani, na maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaacha nje jambo lililo kubwa zaidi: bunduki hizo zilihitaji watu wa kuzionyesha njia, na watu hao walitoka kwa jirani na mpinzani wake, Mangi Rindi wa Moshi.

Nguvu ya Sina haieleweki bila kwanza kuielewa ardhi iliyoizaa. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imekatwakatwa na makorongo, yaani mabonde membamba yenye kingo kali yaliyochimbwa na mito inayoshuka kutoka msituni, na kati ya korongo moja na jingine hubaki mgongo wa ardhi yenye rutuba ambako Wachagga waliweka vihamba, mashamba ya nyumbani ya migomba yanayorithishwa ndani ya ukoo. Anayepanda au kushuka juu ya mgongo mmoja hutembea bila taabu; anayetaka kutoka Moshi kwenda Kibosho kwa kupitia Uru hana budi kuyavuka makorongo ya mito kama Rau na Karanga, na kila kivuko ni mahali ambapo watu wachache wenye mikuki wanaweza kulizuia kundi kubwa. Ieleweke kwamba Moshi inayotajwa hapa ni ile ya juu mlimani, inayoitwa leo Moshi ya Kale, wala si mji uliokua baadaye tambarare pale reli kutoka Tanga ilipofika.

Kwa hali hiyo jeshi lililotaka kumvamia jirani lilipaswa kuchagua kati ya kupita chini, ukingoni mwa tambarare, ambako ardhi hulainika lakini ambako Wamasai nao walikuwa na njia zao, na kupita juu karibu na msitu, ambako mabonde hayajapanuka. Huko juu ndiko yalikokuwa pia mabanio ya mifongo, mifereji ya kienyeji inayochepusha maji ya mito na kuyafikisha vihambani, kwa hiyo adui aliyefika juu aliweza kuharibu kazi ya miaka mingi kwa kubomoa banio moja tu, na ulinzi wa mgongo mmoja haukuishia kwenye mipaka yake ya mashariki na magharibi.

Mazingira hayo yanaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini vita havikuupatia mlima mfalme mmoja. Watawala wa Norwei wa zama za kati nao walirithi nchi iliyokatwa vipande, kwa kuwa ghuba ndefu na nyembamba zinazoingia kati ya milima ziliwatenga watu wa pwani ile. Hata hivyo bahari iliyowatenga ndiyo iliyowaunganisha, maana mtawala mwenye merikebu nyingi aliweza kuwahamisha askari wake haraka kutoka ghuba moja hadi nyingine, na Harald Hårfagre, anayehesabiwa na mapokeo kuwa mfalme wa kwanza wa nchi hiyo, alijipatia ukuu wake kwa ushindi wa baharini huko Hafrsfjord mwishoni mwa karne ya 9. Kilimanjaro hakukuwa na bahari ya kuyazunguka makorongo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni, upande wa Rombo, alijaribu kuiunganisha mashariki ya mlima kwa vita na kwa ngome za mawe, akafanikiwa kiasi cha kutisha majirani wote, lakini aliuawa na Wamasai na milki yake ikasambaratika; mlima mzima ulipata mkuu mmoja kwa kura, Thomas Marealle alipochaguliwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951. Wanaopanda mlima kwa njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, ambalo ni jina jingine la Rindi, na vya Horombo, na inasikitisha kwamba Sina hakupewa kumbukumbu ya aina hiyo kwenye njia hiyo, ingawa kwa uhodari wa vita hakuwa nyuma yao.

Jeshi la Sina halikuwa la askari wa kulipwa. Vijana waliotahiriwa pamoja waliunda rika, kundi la umri mmoja ambalo lilikwenda vitani pamoja, likafanya kazi za mangi pamoja na kuzeeka pamoja, na pembe ya vita ilipopulizwa kila mtu alijua mahali pake. Silaha za mkononi zilifanana sana na za Wamasai: mkuki wenye bapa refu, sime, na ngao ya ngozi. Jambo lililowafunga wapiganaji hao kwa mtawala wao lilikuwa mgawanyo wa nyara, kwa kuwa ng'ombe waliotekwa walifikishwa kwanza mbele ya mangi, naye akawagawa kadiri alivyoona, wengine akiwaweka kwa watu wake wawafuge kwa niaba yake. Aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa mangi alikuwa na deni la utii. Kwa hesabu hiyo vita vilijilipia gharama zake, na mangi aliyekaa muda mrefu bila kushinda alianza kupungukiwa si mali tu bali na watu.

Kwa Sina, Machame ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya malipo hayo. Iko magharibi ya Kibosho, ilikuwa na watu wengi na sifa ya zamani, lakini ilidhoofishwa na mashambulizi ya Kibosho hadi ikawa chini ya kivuli chake. Upande wa mashariki Uru ilibanwa kati ya Kibosho na Moshi. Juu ya nyara za mifugo iliongezeka biashara ya misafara iliyofika kutoka Pangani na Mombasa, ambayo ilileta nguo, shanga, nyaya za chuma, bunduki na baruti, ikaondoka na pembe za ndovu na mateka. Hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa sifa za watawala hawa huimbwa mara nyingi bila kutaja waliolipa gharama: sehemu ya baruti iliyoulinda mlima ilinunuliwa kwa watu wa mlima huohuo, wake kwa watoto, waliouzwa na kupelekwa pwani.

Kilichomtofautisha Sina na wenzake wa wakati wake kilikuwa ngome. Boma lake lilizungushiwa kuta za mawe, na mawe hayo, ambayo ni mabaki ya volkano yanayopatikana kwa wingi mitoni na mashambani, yalibebwa na kupangwa kwa kazi ya lazima ambayo kila mtu aliyekuwa chini ya mangi alipaswa kuitoa. Pamoja na kuta kulikuwa na mahandaki na vijia vyembamba vya kuingilia, na kuzunguka vyote hivyo ilikuwepo migomba iliyopandwa kwa kusongamana kiasi kwamba mtu aliyesimama nje hakuweza kuona kuta zilianzia wapi. Shabaha ya mpango wa namna hiyo haikuwa kumzuia adui asiingie kabisa, jambo ambalo kuta za mawe yasiyoungwa kwa chokaa haziwezi kulifanya kwa muda mrefu. Shabaha ilikuwa kumlazimisha aingie kwa mstari, mtu mmoja nyuma ya mwingine, ili wingi wake usimfae kitu. Kikosi cha watu 100 kinachopita kwenye kijia cha upana wa mabega kinapigana kwa nguvu ya yule wa mbele, naye anapigana na mtu aliyejificha anayemjua alipo.

Mantiki hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika mapango ya kuchimbwa ambayo yanapatikana sehemu mbalimbali za Uchagani na ambayo wageni huonyeshwa hadi leo huko Marangu. Mlango wake ulikuwa tundu dogo linalomlazimisha mtu kutambaa akitanguliza kichwa, kisha njia inapinda, na baada ya kupinda kuna nafasi ambapo mlinzi mmoja aliweza kumngojea anayetambaa na kumpiga kabla hajainua mkono. Ndani zaidi vilichimbwa vyumba vya watu na vya mifugo pamoja na matundu ya kupitishia hewa, na inasimuliwa kwamba udongo uliotolewa ulitupwa mtoni ili rangi yake mpya isimwonyeshe adui mahali penyewe. Familia zilizojificha humo hazikushinda vita, lakini zilimnyima mvamizi kile alichokifuata, na baada ya siku chache mvamizi asiye na chakula alilazimika kurudi kwao.

Rindi wa Moshi hakuwa na ngome ya kulingana na hiyo, ila alikuwa na kipaji ambacho Sina hakukitumia kwa kiwango hicho: aliwasoma wageni. Alizungumza Kiswahili vizuri, akawapokea wasafiri wa Kizungu mmoja baada ya mwingine, akiwamo Charles New mwaka 1871 na Harry Johnston mwaka 1884, na kila mmoja alimpima kwa kipimo kimoja, yaani angemfaa vipi dhidi ya majirani. Mwaka 1885 alikubaliana na ujumbe wa Jenerali Lloyd Mathews, uliokuja kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka huohuo akaweka mkataba na Karl Jühlke aliyekuja kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin. Wako wanaomwita kigeugeu kwa ajili ya hayo. Hukumu hiyo haimtendei haki, kwa sababu kwa mtawala wa mgongo mmoja uliozungukwa na maadui, bendera ya mgeni ilikuwa silaha kama silaha nyingine, na hakuna mtu mlimani wakati ule aliyeweza kuona kwamba silaha hiyo ingemgeukia aliyeishika. Sina, kwa upande wake, aliikataa bendera ya Ujerumani, na kukataa huko ndiko kulikompa Rindi nafasi aliyoingojea.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 Hermann von Wissmann, kamishna wa Ujerumani ambaye alikuwa ametoka kuyazima mapambano ya Abushiri na wenzake kule pwani, alifika Moshi na kikosi chake cha askari wa Kisudani pamoja na wengine walioletwa kutoka Msumbiji, kikosi ambacho Machi mwaka huo kiligeuzwa kisheria kuwa jeshi rasmi la koloni. Rindi alimwongezea wapiganaji wake kwa mamia. Katikati ya Februari waliyavuka makorongo na kuingia Kibosho, na hapo ngome ya Sina ikafanya kazi iliyojengewa: askari waliozoea kulenga mbali walijikuta ndani ya migomba wasione zaidi ya hatua chache, huku risasi zikitoka nyuma ya kuta na mahandakini, na boma halikutekwa siku ya kwanza. Kwa jeshi lililokuwa limezivunja ngome za pwani, kuzuiliwa na mangi mmoja wa mlimani ni ushahidi wa kutosha kuhusu ubora wa mpango wake.

Hata hivyo ngome iliyotegemea adui asijue njia ilikuwa na udhaifu mmoja usiozibika. Vijia, vivuko na mpangilio wa vihamba vilikuwa fumbo kwa Wissmann, lakini kwa watu wa Moshi, waliokuwa wamepigana na Kibosho kwa miaka na waliokuwa na ndugu wa ndoa upande wa pili wa korongo, havikuwa fumbo hata kidogo. Boma lilipoingiwa na kuchomwa, Sina alitoroka, kisha akajisalimisha. Aliachiwa cheo chake, ila alipoteza mamlaka juu ya majirani aliokuwa amewashinda, na miaka miwili baadaye wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Kibosho.

Rindi hakukaa kufaidi ushindi huo, kwa kuwa alifariki mwaka huohuo wa 1891 na kumwachia Moshi mwanawe kijana, Meli. Matukio yaliyofuata yanathibitisha kwamba bunduki peke yake hazikuwa na neno la mwisho: Juni 1892 von Bülow, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Wajerumani huko Marangu, aliishambulia Moshi na kikosi kidogo, akapigwa na Meli ndani ya migomba ya aina ileile ya Kibosho, akafa yeye na msaidizi wake Wolfrum, na Wajerumani wakaukimbia mlima kwa muda. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele, wakisaidiwa na wapinzani wa Moshi, na Meli akashindwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli, mwana wa Rindi, na Molelia, mwana wa Sina, walinyongwa Moshi siku moja pamoja na viongozi wengine, akiwamo Ngalami wa Siha, kwa amri ya Kapteni Johannes wa Kijerumani, wakituhumiwa kula njama dhidi ya serikali. Tuhuma hizo zinahusishwa kwa kiasi kikubwa na maneno ya Mangi Marealle wa Marangu, ambaye baada ya hapo Wajerumani walimpa ukuu juu ya wamangi wa mashariki ya mlima.