Utenzi Uliopotea Katika Orodha

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akilalamika kwamba utenzi wa Mwana Kupona haumo katika maktaba aliyokwenda. Alikuwa ameandika neno "utenzi" katika orodha ya mtandaoni, orodha ikamjibu kuwa hakuna. Kumbe kitabu kilikuwamo. Kiliandikishwa kwa "utendi".

Tungo hili, ambalo mama huyo alimtungia binti yake mwaka 1858, limevikwa majina kadha wa kadha. Watu wa Lamu na jirani zake husema utendi, wa Mvita husema utenzi. Tena mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walilipiga chapa kwa jina la Kiingereza lisilo na neno utendi wala utenzi. Mkutubi mwangalifu huchagua jina moja la kuyakusanya yote, kisha huandika kuwa majina mengine yaelekeze hapo. Asipofanya hivyo, ndugu wa tumbo moja hukaa nyumba moja wasijuane.

Wako wanaolaumu zaidi mpango wa namba wa Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876. Kweli, fasihi ya Waingereza imepewa 820 nzima, ya Wafaransa 840, na fasihi za lugha za Afrika zimebanwa pamoja katika 896, yetu ya Kiswahili ikiwa 896.392. Haki haimo katika mgawanyo huo. Lakini namba ndefu ingali ni anwani, na mwenye anwani hufikiwa. Mimi naona dhara kubwa ni jina lisiloelekezwa popote.

Na dhara hilo husafiri. Taarifa za vitabu haziandikwi upya katika kila maktaba, huazimwa. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo tangu mwaka 1966 ina ofisi Nairobi ya kukusanya vitabu vya sehemu zetu, mwaka 2017 ilitoa bure taarifa milioni 25, achukue apendaye. Ukarimu huo nausifu bila kinyongo. Walakini mwenye kunakili hunakili na kosa: herufi iliyokosewa na mkono mmoja huonekana kesho katika orodha za nchi nyingi, na maelekezo yaliyosahauliwa husahauliwa kote. Anayejua kwamba utendi na utenzi ni kitu kimoja ni msemaji wa Kiswahili, na mara nyingi hakuulizwa.

Nilimwambia kijana aandike "Kupona" peke yake. Kitabu kikatokea.