Buibui Begani

Wabunifu wa nembo za kijeshi wanastahili pongezi kuliko wanavyopewa, na Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, iliyoundwa mwaka 1943, inatosha kuwa ushahidi. Nembo yake ilikuwa buibui mweusi kwenye duara la manjano: Ananse, mjanja wa hadithi za Waakan, anayewashinda wenye nguvu kwa akili. Alishonwa kichwa kikiwa chini, ili askari anyooshapo mkono kulenga bunduki, buibui aonekane akitambaa kumkabili adui.

Wapo watakaosema kitambaa hakizuii risasi, na kwamba jeshi lenyewe lilikuwa la mkoloni. Ni kweli, walioamuru walikuwa Waingereza. Lakini alama haikukopwa kwao. Simba wa kifalme aliachwa, akachaguliwa kiumbe ambaye askari wengi wa kikosi hicho kutoka Ghana ya leo walimjua tangu utotoni. Tena nembo hiyo iliendana na vita vyenyewe: katika bonde la Kaladan, Burma, mwaka 1944, askari hao walipenya misituni wakitegemea vyakula na risasi zilizodondoshwa na ndege. Nembo njema haimpambi askari tu; humwambia yeye ni nani na atapiganaje.