Kamba Iliyogeuzwa

Mchicha wa bustani ya mtaa wetu umeota vizuri sana, ila umeotea mtaroni, kando ya barabara, mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Mvua moja tu ya masika ilitosha kuhamisha mbegu, samadi na udongo wa juu. Tusitafute mchawi. Kazi iliharibika pale kamba ilipogeuzwa.

Waliokuwepo siku ya msaragambo wanaikumbuka ile asubuhi. Vijana walikuwa wamepita kiwanja kizima na fremu A, wakisogeza mguu mmoja baada ya mwingine na kusubiri uzi wenye jiwe utulie kwenye alama ndipo wapige kigingi. Vigingi vikakaa kwenye kontua, kamba ya katani ikapita juu yake ikijipinda kufuata umbo la kilima. Huku kwetu chini ya Uluguru kilima hakinyooki, basi na kamba haiwezi kunyooka.

Mwenyekiti akafika, akaitazama akiwa barabarani, akasema matuta yatakaa kombokombo, yageuzwe yashuke moja kwa moja. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kamba akamjibu, "Baba, jiwe limekataa." Watu wakacheka, kisha wakang'oa vigingi. Na huyo mama alikuwa ameshatoa uchambuzi wote ninaouandika hapa!

Mwenyekiti alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ya macho: bustani ionekane imenyooka. Hiyo niiache. Ya pili ina uzito kidogo: tangi liko juu, kwa hiyo maji yatashuka yenyewe kwenye mifereji bila kubeba ndoo. Kweli yatashuka. Lakini maji yanayokimbia hayanyweshi. Sehemu ya juu ya tuta hubaki kavu, ya chini hugeuka tope, na kila hatua maji yanaongeza kasi. Kasi ikiwa mara 2, nishati ya mwendo wake ni mara 4. Mfereji kati ya matuta mawili yanayoshuka ni korongo lililochimbiwa msingi kwa jembe letu wenyewe.

Ningependa kumpeleka mwenyekiti Mbinga akaone ngoro za Wamatengo. Wao wanalima miteremko ambayo mbuzi anafikiri kwanza, kwenye mvua inayopita milimita 1,000 kwa mwaka. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kama nyavu. Wanawake huchimba katikati ya kila jicho na kuyafukia majani kwa udongo huo. Panabaki shimo lililozungukwa na matuta pande zote. Maharage hukaa juu ya matuta, majani yanaoza chini yake, na maji hukwama shimoni mpaka yazame. Hakuna aliyewaletea mradi. Wakulima wa Machakos nao wana mbinu yao iitwayo "fanya juu": unachimba mtaro kwenye kontua, udongo unautupa upande wa juu, na miaka ikipita shamba linajisawazisha lenyewe.

Nimesikia utetezi kwamba Waluguru wenyewe walikataa kukinga maji mwaka 1955. Hoja hii inanichosha, maana inarudi kila mwaka. Kilichokataliwa kilikuwa matuta ya ngazi ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni, kazi ya kuvunja mgongo iliyofukua udongo mfu wa chini na kuufukia wenye rutuba. Watu waligomea amri mbaya na ufundi mbovu. Kontua haikuwa na kosa.

Samadi ilikuwa imeiva, na zamu za kumwagilia zimepangwa bila upendeleo. Hapo sina neno.

Ila kibao cha bustani! Nimeshasema humu mara nyingi, na nitasema tena: kikundi kinachonunua rangi ya kibao kabla ya kununua reki kimeshaonyesha kinamlimia nani. Matairi yaliyopakwa nyeupe na bluu nayo yamepangwa getini, ndani yake maua. Watu walewale walioona kamba ikipinda wakaona aibu, hawakuona aibu kupanda maua kwenye bustani ya mboga.

Kuirekebisha si kazi kubwa. Sehemu ya juu ifumuliwe, fremu A irudi, matuta yalazwe kukinga mteremko. Huko chini, ambako miche imeshashika, inatosha kufunga mifereji kwa vizuizi vya udongo kila hatua mbili, na kupanda mstari wa majani ya tembo kwenye kontua ya mwisho. Wenye mbuzi watayakata. Vijana wako tayari. Mwenyekiti anataka pale juu zipandwe karoti kwanza, matuta yajadiliwe baadaye. Karoti ikishaota haihamishiki bila kuharibu mzizi, na yeye, mkulima wa miaka mingi, analijua hilo kuliko mimi.