Rafiki, Shoga na Ukumbi wa Siku Saba

Tumezoeshwa darasani kuigawa kazi ya sanaa mapande mawili, fani huku na maudhui kule. Matokeo yake tunajaza kurasa tano za maudhui, halafu fani tunaitupia aya moja mwishoni kama mtu anayetoa sadaka. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu imeumia sana kwa mtindo huu. Walioipinga walisema maudhui yake yameoza. Walioitetea wakasema maudhui yake yana ujasiri. Swali kama ni filamu nzuri likabaki limesimama mlangoni, halina wa kulikaribisha. Mimi nataka kulikaribisha, lakini nitaanzia mahali ambapo wahakiki wetu hawaanzii, yaani kwa hadhira.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata filamu hiyohiyo ikaoneshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Kahiu akaenda mahakamani, na tarehe 21 Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima peke yao, ili filamu ipate sifa ya kupendekezwa kwa tuzo za Oscar. (Kilichopendekezwa baadaye ni Supa Modo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Basi kwa siku saba watu walijazana Prestige Cinema, barabara ya Ngong, hadi tiketi zikawa hazipatikani. Mimi sikuwamo, nilikuwa mtoto wa shule, na jaji alishasema watu wazima.

Sasa msomaji ajiulize nami: kilichoogopwa ni nini hasa? Kisa kile hakikuwa kipya. Kimetokana na “Jambula Tree,” hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyochapishwa mwaka 2006 na kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndio mzambarau wetu huu huu. Wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Kampala, Anyango na Sanyu, wanapendana, wanafumaniwa, mmoja anapelekwa London. Hadithi yenyewe ni barua, mtu mmoja anamwandikia mtu mmoja, na msomaji naye anaisoma peke yake kitandani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza haina habari na mtu aliyejilaza na kitabu. Inawahusu watu waliokaa pamoja gizani wakitazama upande mmoja.

Na hili si geni nchini kwetu. Mwaka 1977 Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliigizwa Kamĩrĩĩthũ kwa majuma machache tu, leseni ikafutwa. Mwaka 1980 tamthilia hiyo ikachapishwa kama kitabu. Maneno ni yaleyale. Kilichokuwa hakipo tena ni ule mkusanyiko, wanakijiji kujiona wenyewe jukwaani na kuonana wao kwa wao wakijiona. Kwa hiyo nadai kwamba mtu hawezi kuihakiki Rafiki, wala kazi yoyote ya sanaa ya wapenzi wa jinsia moja wa Nairobi, akiuacha ukumbi nje.

Nikiishika kanuni hiyo, filamu yenyewe naiona tofauti. Wengi wamesifu mapenzi yake. Mimi nasifu macho yake. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja, wanaishi mtaani ambako kila dirisha lina mtu. Mama Atim na kibanda chake cha chakula ndiye redio ya mtaa, haitaji betri. Mkurugenzi amelichukua jina hilo kwenye hadithi ya Arac de Nyeko, na amefanya vyema, maana katika kazi zote mbili adui wa kwanza si sheria wala kanisa, ni jirani asiye na shughuli. Wapenzi hawa hawana pa kukaa. Wanakimbilia gari bovu lililotelekezwa, wakaweka mapazia na mishumaa, wakaligeuza chumba. Hapo mandhari inafanya kazi yote; mtunzi asiyejiamini angeweka hotuba.

Rangi nazo zinasema. Kahiu amejaza waridi na zambarau kila mahali, na wapo walionung'unika eti Nairobi haing'ari namna hiyo. Jamani, kwa nani? Kwa msichana anayempenda mtu kwa mara ya kwanza, hata kamba ya kuanikia nguo inang'ara. Siku wanapotoka kutembea, wanaendesha mashua ya kukanyaga, kisha usiku wanaingia kucheza muziki wakiwa wamejipaka rangi zinazomulika gizani. Ni mandhari ya kupendeza, na hapohapo ndipo ninapoanza kuigombeza filamu. Usiku wa Kena na Ziki ni wa watu wawili tu. Wanacheza kana kwamba wao ndio waliovumbua kupendana hivi. Yupo kijana mmoja mtaani anayetukanwa kwa kuwa shoga, na kuna mahali anakaa tu karibu na Kena bila kusema neno. Kwangu hiyo ndiyo dakika kubwa kuliko busu lolote la filamu hii, lakini inapita upesi mno. Jiji lenye watu wengi limepewa wapenzi wawili na bubu mmoja. Kumbe hadhira iliyojaa Prestige Cinema ilikuwa na jamii kubwa kuliko ile iliyokuwa kwenye kioo.

Linganisha na Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu kwa jina la kikundi cha Nest Collective, ikaoneshwa kwanza Toronto mwaka 2014. Hii ni ya rangi nyeusi na nyeupe, visa vitano vifupi vilivyotokana na masimulizi ya Wakenya wenyewe. Nayo ilipigwa marufuku, Oktoba mwaka huohuo, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni, mashtaka ambayo baadaye yaliondolewa. Kisa kiitwacho “Run” ndicho kinachonihusu hapa. Patrick anaiona baa ya mashoga akiwa na rafiki yake wa chanda na pete. Baadaye anairudia peke yake. Rafiki anagundua, na kutoka hapo ni mbio. Kisa ni kifupi kuliko mtihani wetu wa kati, lakini mahali pa kukutana pamewekwa katikati, pana mlango, na mtu anajiuliza aingie au asiingie. Swali la aingie au asiingie ndilo swali la usiku wa watu hawa, na Rafiki inaliruka.

Niseme pia juu ya lile neno. Kahiu ameeleza kwamba aliichagua “rafiki” kwa kuwa hivyo ndivyo wapenzi wa jinsia moja wanavyolazimika kumtambulisha mwenzao: huyu ni rafiki yangu. Sisi wa Kiswahili tunalijua pazia hilo hata zaidi. Mwanamke wa pwani akimwita mwenziwe “shoga yangu,” anamwita rafiki, wala hakuna anayegutuka; neno hilohilo akitupiwa mwanamume barabarani ni jiwe. Lugha yetu imeuweka urafiki na huo upendo mwingine katika chungu kimoja, halafu inajifanya haikumbuki nani aliwasha moto. Na katika “Run” anayemwinda Patrick ni rafiki! Nashangaa hatujaandika tasnifu juu ya hili.

Kuhusu mwisho wa Rafiki: baada ya kupigwa na umati, baada ya Ziki kupelekwa London na miaka kupita, mkono unamgusa Kena begani. Basi. Mkurugenzi amesimulia kwamba bodi ilitaka mwisho huo ubadilishwe kwa sababu una matumaini kupita kiasi. Hao walisoma fani kuliko sisi. Wangevumilia mapenzi, wangevumilia hata busu, mradi tu kuwe na kilio cha mwisho. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha marufuku ile, na mwaka mmoja kabla, tarehe 24 Mei 2019, ilikuwa imekataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyowahusu wapenzi hawa. Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki siku tatu kabla ya hukumu hiyo.

Waliokaa ukumbini Septemba 2018 walitoka nje wakakuta barabara ya Ngong na magari yake. Wengine, naambiwa, walisimama pale nje muda mrefu, hawana la kufanya, wanasimama tu pamoja.