Asilimia 42: Mti wa Anne Frank Ulivyovunjika, na Kilichookolewa Kabla

Jumatatu tarehe 23 Agosti 2010, yapata saa saba na nusu mchana, upepo mkali ulipita juu ya mifereji ya Amsterdam na kuvunja mti mmoja uliokuwa uani, nyuma ya nyumba za Keizersgracht. Ulikatika kama mita moja kutoka ardhini. Shina lenye uzito wa takriban tani 27 lilianguka juu ya ukuta na bustani za majirani, likaponda vibanda vichache, na likaangusha fremu ya chuma iliyojengwa miaka miwili tu nyuma ili kuuzuia usianguke. Hakuna mtu aliyeumia. Jumba la makumbusho la Anne Frank, ambalo hutembelewa na watu wapatao milioni moja kwa mwaka, halikuguswa.

Mti huo ulikuwa mchestinati, wenye umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 150 na 170. Anne Frank, msichana Myahudi aliyekuwa akijificha asikamatwe na Wanazi, aliuona kupitia dirisha la darini katika maficho ya Prinsengracht 263, alimojificha na familia yake tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Madirisha ya chini yalikuwa yamefunikwa, kwa hiyo kile kipande cha juu ndicho kilichomwonyesha mbingu na matawi. Katika shajara yake aliutaja mara tatu, zote mwaka 1944: Februari ukiwa mtupu, Aprili ukianza kutoa majani, na Mei ukiwa umejaa majani na maua. Mwaka uliofuata alifariki katika kambi ya Bergen-Belsen akiwa na miaka 15. Kila aliyezozana juu ya mti huu baadaye, awe wa upande wa kuukata au wa kuuacha, alijua anazungumzia kitu kilicho hai kilichowahi kutazamwa na msichana yule.

Mashaka ya mti yalianza mapema. Mwaka 1993 iligundulika kuwa tangi la mafuta lililofukiwa ardhini linavuja na kuchafua udongo wa mizizi, manispaa ikagharimia kuusafisha. Kisha wakaja nondo wadogo, *Cameraria ohridella*, ambao viwavi wao hula jani kwa ndani na kulifanya likauke kabla ya wakati. Nondo hao hawaui mti mkubwa, ila huupunguzia chakula kila msimu. Muuaji hasa alikuwa kuvu, *Ganoderma applanatum*. Ukimkuta kwenye shina utamwona kama rafu ngumu ya rangi ya udongo iliyochomoza upande mmoja, na chini yake ni mweupe. Ukiukwaruza weupe huo kwa msumari, mstari unageuka kahawia papo hapo, na unadumu hata kuvu likikauka. Watu huchora picha juu yake. Rafu hiyo ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu umo ndani ya shina, hasa sehemu ya chini, ukila mbao kwa miaka mingi kabla mtu hajaona dalili yoyote nje.

Mwaka 2005 matawi ya juu yalipunguzwa sana ili kupunguza mzigo wa upepo. Uchunguzi wa sampuli uliofanywa kipindi hicho ukatoa tarakimu iliyozunguka dunia nzima: asilimia 42 ya mbao za mti zimeoza, na kifo chake hakiepukiki. Machi 2007 halmashauri ya eneo la kati la jiji ilitoa kibali cha kuukata. Huko Uholanzi mti mkubwa haukatwi bila kibali, hata ukiwa uani kwako, na kibali kinaweza kupingwa. Hiki kilipingwa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naamini tarakimu ile ilizipotosha pande zote mbili.

Chukua mwanzi. Ndani ni mtupu, na bado unabeba paa. Nguvu ya shina dhidi ya kupinda haikai katikati, inakaa pembezoni, kwenye duara la nje, kwa sababu huko ndiko mvutano na mgandamizo unapokuwa mkubwa wakati upepo unaposukuma. Kwa lugha ya hesabu, nguvu inayopotea kwa sababu ya tundu la katikati hufuata kipeo cha nne cha uwiano wa vipenyo. Tuseme basi uozo wa asilimia 42 uko katikati kabisa ya shina la mviringo. Kipenyo cha tundu kitakuwa kama asilimia 65 ya kipenyo cha shina. Zidisha 0.65 kwa yenyewe mara nne, unapata 0.18. Mti umepoteza asilimia 42 ya mbao lakini asilimia 18 tu ya nguvu zake. Kuna nyumba zimejengwa kwa nguzo zilizopoteza zaidi ya hapo.

Claus Mattheck, mtaalamu wa Karlsruhe huko Ujerumani aliyepima miti mingi yenye mashimo, iliyosimama na iliyovunjika, alitoa kanuni ambayo wakaguzi wa miti wameitumia tangu miaka ya 1990: ukuta wa mbao nzima ukipungua chini ya asilimia 30 ya nusu kipenyo, hatari ya kuvunjika inapanda ghafla. Katika mfano wetu ukuta umebaki na asilimia 35. Mti unapita, kwa wembamba wa kucha.

Sasa hamisha uozo huohuo. Usiuweke katikati, uusogeze upande mmoja mpaka uliguse gome. Kiasi ni kilekile, asilimia 42, lakini duara limevunjika. Shina lililokuwa bomba limekuwa mfereji, na mfereji hupinda na kupasuka kwa nguvu ndogo sana. Ganoderma mara nyingi hufanya hivyo hasa: huingia kupitia jeraha la mzizi au la chini ya shina, kisha hula upande mmoja kuliko mwingine. Swali la maana basi halikuwa mti umeoza kiasi gani. Lilikuwa umeoza wapi, katika kimo gani, na ukuta mwembamba kuliko wote uko upande gani ukilinganisha na upepo unaovuma pale.

Maswali hayo yana vipimo vyake. Nyundo ya mbao huambia sikio lenye mazoea mahali shina lilipo tupu. Sindano ndefu ya mashine, nyembamba kama mshikaki, huingizwa ndani na kuchora mstari kwenye karatasi: mstari unapanda mbao zikiwa ngumu na kushuka zikiwa laini. Na kuna kipimo cha kuvuta, ambapo kamba ya chuma hufungwa juu ya shina, mti ukavutwa taratibu kwa nguvu inayojulikana, na vidude vilivyobandikwa kwenye gome na kwenye mizizi vikasoma mnyumbuko wa sehemu ndogo kuliko upana wa unywele. Kutokana na hapo hukadiriwa upepo wa kasi gani utauvunja. Wataalamu waliokuja upande wa wapinzani walisema shina lina uthabiti wa kutosha kwa sasa. Wa upande wa halmashauri walisema hatari iko mlangoni. Sidhani kama kuna aliyedanganya. Walikuwa wakisoma mti mmoja kwa vipimo tofauti.

Siku ya msumeno ilipangwa kuwa 21 Novemba 2007. Siku moja kabla, jaji wa Amsterdam alisimamisha kazi: kukata ni hatua ya mwisho, na njia nyingine hazijaangaliwa vya kutosha. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, hata baada ya kujua yaliyofuata. Jaji hakusema mti ni salama. Aliweka mzigo wa uthibitisho pale sheria inapouweka, kwa anayetaka kuondoa kisichoweza kurudishwa. Mapema 2008 makubaliano yakafikiwa, taasisi ya kuutunza mti ikaundwa, na kabla ya kiangazi fremu ya chuma ikasimama kuuzunguka. Waliosimamia walitarajia mti uishi kati ya miaka mitano na 15 zaidi.

Hilo la miaka ndilo kosa ninaloliona. Mti unaooza haubaki na kipimo ulichopimwa nacho. Kuvu halilali: ukuta wa asilimia 35 mwaka 2007 si ukuta wa asilimia 35 mwaka 2010. Mwega wa chuma nao una tabia yake. Unaweza kuzuia shina lisiyumbe, lakini nguvu iliyozuiwa haipotei, inashuka mpaka kwenye sehemu isiyoshikwa, na kwa mti wenye Ganoderma sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mti wetu haukung'oka na mizizi. Ulikatika mita moja juu ya ardhi, pale pale ambapo kuvu la aina hii hula. Ukiongeza kwamba ilikuwa Agosti, matawi yamebeba majani, na kwamba upepo ukiongezeka kasi maradufu nguvu yake huongezeka mara nne, huhitaji tufani ya karne.

Mti ukishalala, mambo hubadilika haraka, na nchi nyingi hazijaandika vizuri nini kifanyike. Uingereza imeandika. Kwa kanuni za England za mwaka 2012, mti wenye agizo la hifadhi unabaki chini ya agizo hilo hata ukiangushwa na upepo, maadamu haujafa. Kinachoruhusiwa bila kibali ni kuondoa hatari ya papo hapo, na hicho tu. Tawi lililolalia njia unaweza kulikata, shina lililolala bustanini bila kumdhuru mtu huwezi kulikatakata kwa kisingizio cha tawi. Halmashauri ijulishwe kwa maandishi: siku tano za kazi kabla, kama mti umekufa, au mara tu inapowezekana, kama hatari haikusubiri. Na mwenye ardhi aliyeuondoa kwa msingi huo ana wajibu wa kupanda mwingine palepale. Kwa hiyo mtu mwenye akili hupiga picha kabla ya kuwasha msumeno: mizizi, mahali ulipokatika, uozo wenyewe, na kilicholaliwa.

Msumeno nao una utaratibu wake. Shina lililolala ni chemchemi iliyokazwa. Upande mmoja nyuzi zimevutwa, upande mwingine zimebanwa, na ukianza kukata upande usiofaa shina linapasuka usoni mwako au linaubana msumeno. Mti uliong'oka ni hatari zaidi: ukitenganisha shina na kisiki, bamba la mizizi lililosimama wima linaweza kurudi shimoni kwa kishindo na kumfunika aliyesimama nyuma yake. Kuna waliokufa hivyo.

Na kwa nini sheria ing'ang'anie mti uliolala? Kwa sababu kulala si kufa. Kwetu nimeona mwembe uliolazwa na upepo, nusu ya mizizi ikiwa hewani, ukazaa msimu uliofuata. Usiku wa kuamkia 16 Oktoba 1987 tufani iliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa England. Bustani ya Kew peke yake ilipoteza 700. Mwaloni mmoja wa huko, uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18, uliinuliwa na upepo mizizi yake yote kisha ukarudishwa chini. Mtunza miti Tony Kirkham na wenzake waliuegemeza na kuuacha wa mwisho katika foleni ya kukatwa. Walipourudia baada ya miaka mitatu waliukuta una afya kuliko kabla ya tufani. Udongo uliokuwa umeshindiliwa na nyayo za wageni ulikuwa umefunguliwa, mizizi ikapata hewa. Leo bustani hiyo hulegeza udongo wa miti mizee makusudi kwa hewa ya shinikizo, na somo lilitoka kwenye mti ambao wangeukata siku ya kwanza kama wangepata nafasi.

Mchestinati wa Amsterdam haukuwa na bahati hiyo, shina lenyewe lilikuwa limekatika. Kisiki kilionyesha chipukizi moja chini ya mvunjiko. Lakini kazi iliyo bora kuliko zote katika kisa hiki ilikuwa imeshafanywa kabla ya upepo, na ilifanywa na watu ambao hawakungoja kesi iishe. Walikuwa wameokota mbegu za mti na kuziotesha kitaluni, fremu ya chuma ikiwa bado imesimama. Miche 150 ilikwenda kwenye msitu wa jiji, Amsterdamse Bos. Mingine 11 ilipelekwa Marekani mwishoni mwa 2009, miezi minane kabla ya mti mama kuvunjika.

Huko Marekani sheria iliipokea miche hiyo kwa njia yake. Haikupandwa. Iliwekwa karantini miaka mitatu, ikaguliwe isije ikaleta maradhi ya miti ya Ulaya. Katika kipindi hicho mti mama ulianguka na mbao zake zikaondolewa uani. Mwaka 2013 mche wa kwanza kati ya ile 11 ulitolewa na kupandwa ardhini, kwenye jumba la makumbusho la watoto la Indianapolis.