Haley alivyoufuata ukoo wake, na mahali uzi ulipokatika

Vijana wanaonijia wakitaka kuandika nasaba zao huanza na swali lile lile: mtu wetu wa kwanza alikuwa nani, na alitoka wapi? Kiu hiyo naijua. Ila huko mbali ndiko Alex Haley alikoteleza, na yeye alikuwa ameanza vizuri kuliko wengi wetu. Ndiyo maana nataka tuupitie utafiti wake hatua kwa hatua.

Haley, Mmarekani aliyetuletea Kunta Kinte katika kitabu chake Roots cha mwaka 1976, alianzia barazani. Utotoni huko Henning, Tennessee, aliwasikia bibi yake na ndugu zake wakimtaja mzee wa kale waliyemwita Mwafrika. Mzee huyo, walisema, alijiita Kin-tay, gita aliliita ko, mto wa Virginia akauita Kamby Bolongo, na alitekwa alipokwenda kukata mti wa kuchongea ngoma. Haley alipokuwa mtu mzima akamfuata Kansas City ndugu wa mwisho aliyebaki kati ya wasimulizi wale, akamsikiliza upya.

Kisha akaenda Washington, kwenye Nyaraka za Taifa, akafungua sensa ya 1870. Alichagua mwaka sahihi. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya bwana wao kwa umri na jinsia, kwa kawaida bila majina. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokombolewa kwa majina yao. Katika wilaya ya Alamance, North Carolina, akamkuta Tom Murray, mhunzi, pamoja na mkewe Irene na watoto wao, kama alivyosikia barazani. Karani wa sensa hakuwahi kukaa Henning akisikiliza hadithi za jioni, wala bibi hakuwahi kuliona daftari la karani. Mashahidi wawili wasiojuana wakasema jambo moja. Huo ndio ushahidi, na kazi yote ya nasaba inasimama hapo.

Yale maneno ya kigeni nayo yalikuwa hazina. Aliyemsaidia kuyafungua ni Jan Vansina, Mbelgiji aliyekuwa amefanya utafiti wa masimulizi kwa Wakuba wa Kongo, kisha Rwanda na Burundi. Kwa maelezo yake, maneno yale yalielekea kuwa ya Kimandinka: bolongo ni mto, na Kamby Bolongo huenda ni mto Gambia. Bibi wa Tennessee asiyejua Kimandinka hawezi kujitungia neno la Kimandinka.

Mwaka 1967 Haley akafika Gambia, na hapo akakosea mpangilio. Aliwaeleza wenyeji wake simulizi nzima: jina, mto, kisa cha kukata mti. Baadaye akaletewa habari kwamba msimulizi wa ukoo wa Kinte amepatikana. Alipofika Juffure, mzee akaushusha ukoo hadi kwa Kunta, kijana aliyekwenda kukata mti asirudi, wakati askari wa mfalme walipokuja. Donald Wright, mwanahistoria aliyekwenda kuchunguza huko na kuchapisha matokeo yake mwaka 1981, aligundua kwamba mzee yule hakulelewa katika kazi ya usimulizi, na kwamba kisa cha Haley kilikuwa kimemtangulia. Haley alisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia.

Kutoka kwa "askari wa mfalme", aliowachukua kuwa wa Uingereza, akapata mwaka 1767. Mwaka huo ukampa meli, Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis tarehe 29 Septemba 1767. Meli nayo ikampeleka kwenye hati ya 1768 ya familia ya Waller inayomtaja mtumwa aitwaye Toby, jina ambalo, kwa simulizi ya barazani, Mwafrika alipewa na bwana wake. Kila pingili imeshikiliwa na iliyotangulia. Wanasaba Gary na Elizabeth Mills walipozifungua tena kumbukumbu za Virginia, wakamkuta Toby wa akina Waller tangu 1762, miaka mitano kabla ya meli. Nadhani Haley alitamani sana kufika, na alipoiona hati inayomfaa akasimama. Jina likipatikana, lifuatwe katika miaka yote ya daftari, nyuma na mbele, hata pale linapotuharibia hadithi.

Kosa la Juffure nami nimelifanya. Nilimsomea shangazi yangu yale aliyonieleza baba, kisha nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ndiyo, na ile ndiyo yake haikunipa kitu. Leo naingia kwa mzee mikono mitupu. Simuulizi mwaka, namuuliza mlikuwa mkilima wapi, nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa ameota meno. Mzee wa Ugogo akitaja Mtunya, ile njaa kuu, najua ni kati ya 1917 na 1920. Akitaja Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini, niko katika miaka ya sabini.

Na kuna shahidi ambaye hata swali baya halimharibu: majina ya watoto. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Ukiwapanga ndugu kwa mfuatano wa kuzaliwa, majina ya kizazi kilichotangulia yanajitokeza yenyewe. Lakini mpango huo unavurugika mara moja ukiwaacha waliofariki wachanga. Wao ndio wa kuuliziwa kwanza, taratibu, na mara nyingi ni mama tu anayewakumbuka wote. Kwenye daftari langu kila jina lina mstari wa pili chini yake: nani aliyenitajia, lini, na nani mwingine alikuwa chumbani akisikiliza.